Fomu inapokataa kufunguka: Jinsi afisi zinavyoweza kujinasua

IMESALIA saa moja tu kabla ya duka la huduma za intaneti kufungwa. Msichana aliyeketi mbele ya tarakilishi amekwisha kukusanya vyeti vyake, barua ya chuo kilichompa nafasi na taarifa za benki za mlezi wake. Kilichobaki ni kujaza fomu ya kuomba kibali cha kwenda kusoma nchini Kanada. Anaibofya faili aliyoipakua punde kutoka tovuti rasmi. Badala ya fomu, unajitokeza ukurasa wenye maneno machache ya Kiingereza yanayomtaka asubiri, na kumtahadharisha kwamba ujumbe huo usipobadilika, huenda programu anayoitumia haina uwezo wa kuonyesha hati ya aina hiyo.

Anasubiri. Dakika tano zinapita, kisha kumi. Anadhani mtandao umelegea, anaipakua faili upya mara ya pili na ya tatu, na kila mara analipia muda zaidi. Hakuna aliyemwambia kwamba angesubiri hadi alfajiri bila ya ukurasa huo kubadilika. Faili yake si mbovu, mtandao hauna kasoro na tarakilishi ni nzima. Shida ni kuwa fomu ile imeandikwa kwa lugha ambayo programu iliyo mbele yake haiifahamu.

Masaibu ya namna hii hayawapati wanafunzi peke yao. Karani wa bima hupokea fomu ya madai kutoka kampuni mshirika iliyo ng'ambo akashindwa kuisoma. Mhasibu hutumiwa jedwali lisilokubali kujazwa. Meneja hupokea fomu iliyojazwa kikamilifu na mteja, ila kwenye skrini yake nafasi zote ni tupu. Aghalabu lawama huelekezwa kwa mteja, au kwa kijana wa teknolojia ya habari, au kwa mtandao, ilhali chanzo chenyewe hakiguswi.

Chanzo hicho ni miundo ya faili inayomilikiwa na kampuni moja, ambayo haifahamiki vyema ila kwa programu za kampuni hiyo. Katika kuijadili, ni muhimu kukumbuka jambo moja: fomu ni chombo tu, na chenye thamani ni habari zilizomo ndani yake. Afisi inayoziacha habari zake zifungiwe katika chombo ambacho ufunguo wake umo mikononi mwa mwingine, imeiweka kazi yake rehani.

Jina moja, vitu viwili

Watu wengi huamini kuwa kila faili ya PDF ni sawa na nyingine. Kampuni ya Adobe ilipouanzisha muundo huo mwaka wa 1993, azma yake ilikuwa hati ionekane vilevile popote itakapofunguliwa. Mnamo 1996, katika toleo la 1.2, PDF iliongezewa nafasi ambazo msomaji angeweza kuzijaza. Fomu za aina hiyo huitwa AcroForm, na hadi leo hufunguka bila matatizo makubwa katika programu nyingi za kusomea PDF, vikiwemo vivinjari vya kawaida.

Aina ya pili inaitwa XFA. Hii haikuanzia Adobe. Chimbuko lake ni JetForm, kampuni ya Kanada iliyokuwa mashuhuri kwa shughuli za fomu, ambayo baadaye ilibadilisha jina ikawa Accelio kabla ya kununuliwa na Adobe mwaka wa 2002. Mwaka uliofuata, Adobe iliiingiza XFA katika toleo la 1.5 la PDF. Kuanzia hapo, faili mbili zenye jina moja na alama moja zikawa vitu viwili tofauti kabisa kwa ndani.

Katika fomu ya XFA inayobadilika umbo, PDF huwa ni bahasha tu. Ndani ya bahasha hiyo mna maelezo yaliyoandikwa kwa XML: nafasi ya jina ikae wapi, tarehe iandikwe vipi, jumla ihesabiweje, na sehemu gani ifichwe mpaka mwombaji ajibu swali fulani. Programu inayoifahamu XFA huyasoma maelezo hayo na kuichora fomu papo hapo. Programu isiyoifahamu huona ukurasa mmoja pekee uliowekwa kushikilia nafasi, nao ndio ule unaomtaka mtu asubiri. Hivyo basi, aliyeketi akingoja hana anachokingoja, kwa kuwa huo ndio ukurasa wa pekee ambao programu yake inaweza kuuona.

Ni haki kukiri kuwa mashirika hayakuichagua XFA kwa upumbavu. Fomu hizo zina manufaa. Mwombaji mwenye watoto watano hupata mistari mitano, na asiye na mtoto haoni hata mmoja. Hesabu hufanywa zenyewe na makosa hutambuliwa kabla ya fomu kutumwa. Fomu kadhaa za idara ya uhamiaji ya Kanada, kwa mfano, zimekuwa na kitufe cha kukagua majibu ambacho, mambo yote yakiwa sawa, huongeza ukurasa wa msimbopau uliobeba majibu hayo. Karani wa huko hahitaji kuyachapa upya. Kwa afisi inayopokea maelfu ya maombi, hiyo ni nafuu kubwa.

Hata hivyo, nafuu ya mpokeaji imekuwa mzigo wa mtumaji. PDF ilipokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka wa 2008, chini ya nambari ISO 32000-1, ufafanuzi wa XFA ulibaki kuwa waraka wa Adobe yenyewe. Kiwango kilichofuata cha PDF 2.0, kilichotolewa mwaka wa 2017, kiliitangaza XFA kuwa kitu cha kuachwa. Isitoshe, programu ya Adobe ya simu za mkononi haizifungui fomu hizi. Katika nchi ambapo watu wengi huufikia mtandao kupitia rununu kabla ya tarakilishi, hilo si jambo dogo.

Kazi inapokwama njiani

Ili kuelewa hasara inayotokea, tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo. Mwanachama hujaza fomu ya mkopo na kuituma kwa barua pepe. Karani huthibitisha akiba yake. Wadhamini hutia sahihi. Kamati ya mikopo huipitia, meneja huidhinisha, na mhasibu hutoa hundi au kutuma pesa kwa simu. Fomu moja imepitia mikono sita au zaidi.

Sasa tuseme fomu hiyo hufunguka vyema kwenye tarakilishi ya karani pekee. Mwanachama aliye na simu tu hawezi kuijaza, kwa hivyo anafunga safari hadi mjini. Mdhamini wake anaifungua kwa programu tofauti, anatia sahihi, na anapoihifadhi, hesabu zilizokuwamo zinapotea. Mwenyekiti wa kamati, ambaye hutumia mashine ya aina nyingine, anaona nafasi tupu. Mwishowe karani anaamua kuichapisha kwa karatasi, kuizungusha kwa mkono, kuipiga skana na kisha kuyachapa majibu yote upya katika mfumo wa chama.

Yaani afisi imenunua teknolojia ya kuondoa karatasi, kisha ikarudi kwenye karatasi kwa njia ndefu zaidi. Kila mara majibu yanapochapwa upya, mwanya wa makosa hupanuka. Tarakimu moja ya nambari ya kitambulisho ikikosewa, pesa huweza kwenda kwa mtu mwingine. Na mwanachama aliyekuwa akiomba mkopo wa karo hupata jibu shule zikiwa zimefunguliwa wiki mbili zilizopita.

Hapa ndipo tunapoona kuwa tatizo hili si la mashine tu. Fomu ni ahadi baina ya watu. Mtoaji huduma huahidi kwamba ukijaza nafasi hizi kwa ukweli na kwa wakati, utasikizwa. Fomu isipofunguka, anayepoteza haki yake ni yule asiye na pesa za kununua programu, au asiye na mtu wa kumwelekeza.

Waliokwisha kuumwa na nyoka

Historia ya miaka ya karibuni imejaa mafunzo kuhusu jambo hili. Kimbunga Katrina kilipoipiga pwani ya kusini mwa Marekani mnamo Agosti 2005, maelfu ya watu walipoteza makao yao. FEMA, shirika la serikali linaloshughulikia majanga, liliweka fomu mtandaoni ya kuomba msaada. Fomu hiyo ilikubali kivinjari kimoja pekee, Internet Explorer toleo la 6. Mwathiriwa aliyekuwa na tarakilishi ya Macintosh au kivinjari kingine hakuweza kujisajili kwa njia hiyo, na ilimbidi ajaribu simu au kutafuta mashine nyingine. Mtu aliyepoteza nyumba aliulizwa kwanza ana programu gani.

Katika kipindi hicho hicho, wanasayansi walioomba fedha za utafiti kutoka serikali ya Marekani walikumbana na kadhia kama hiyo. Tovuti ya Grants.gov iliwataka wajaze fomu kwa programu iitwayo PureEdge, ambayo ilifanya kazi kwenye Windows tu. Watafiti waliotumia Macintosh, ambao ni wengi katika vyuo, walilazimika kuazima mashine au kutumia mbinu za kuiigiza Windows. Baadaye tovuti hiyo ilihamia fomu za Adobe. Afueni ilipatikana, ila likazuka jingine: kila aliyeigusa fomu kabla ya kutumwa alipaswa kuwa na toleo la Adobe Reader linaloafikiana na fomu, la sivyo mtu mmoja wa mwisho angeweza kuiharibu kazi ya wenzake wote. Mwishoni mwa 2017, mtindo wa kupakua furushi zima la PDF ulikomeshwa, na waombaji wakaelekezwa kwenye mfumo wa kujazia fomu mtandaoni.

Barani Afrika, mfano ulio wazi zaidi ni wa Afrika Kusini. Mamlaka ya ushuru ya nchi hiyo, SARS, ilikuwa imejenga fomu nyingi za mfumo wake wa eFiling kwa teknolojia ya Adobe Flash. Mnamo Julai 2017 Adobe ilitangaza kuwa ingeacha kuihudumia Flash ifikapo tarehe 31 Desemba 2020. Siku hiyo ilipowadia, baadhi ya fomu hizo zilikuwa bado hazijahamishwa. Vivinjari vya kawaida vikaacha kuzionyesha. Januari 2021, SARS ililazimika kutoa kivinjari chake yenyewe, SARS Browser, ambacho kazi yake kuu ilikuwa kuiwezesha Flash iendelee kufanya kazi kwa ajili ya fomu zilizosalia. Kivinjari hicho kilitengenezewa Windows, na wenye mashine za aina nyingine wakabaki wakitafuta njia. Fomu zilihamishwa baadaye, lakini tukio lile lilidhihirisha kwamba hata taasisi kubwa yaweza kujikuta ikijenga mlango mpya kwa sababu mwenye ufunguo wa mlango wa zamani ameondoka.

Kampuni nyingi zaidi, zikiwemo zile zinazotumia mifumo ya Microsoft, ziliguswa na kisa cha InfoPath. Programu hiyo ilizinduliwa pamoja na Office 2003 na ikapendwa sana na afisi zilizotaka kuunda fomu za likizo, za ununuzi na za ukaguzi bila kuajiri mtaalamu wa kuandika programu. Januari 2014 Microsoft ilitangaza kuwa toleo la 2013 lingekuwa la mwisho, na baadaye ikaweka tarehe 14 Julai 2026 kuwa kikomo cha kulihudumia. Miaka 12 ni muda mrefu. Hata hivyo, afisi nyingi hukumbuka deni la namna hii linapokaribia kudaiwa.

Visa vyote hivi vina mkondo mmoja. Hakuna aliyekosea siku ya kwanza, kwa kuwa chombo kilichochaguliwa kilikuwa kizuri kwa wakati wake. Kosa lilikuwa kutojiuliza mapema: siku mwenye chombo akikiacha, sisi tutatokaje? Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ukipokea fomu isiyofunguka

Tuanze na mtu wa kawaida ambaye hakuichagua fomu, bali ametumiwa tu. Kwake yapo mambo ya kufanya kabla ya kukata tamaa.

Kwanza, usiifungue fomu ndani ya kivinjari kwa kuibofya tu. Ihifadhi kwanza kwenye tarakilishi, kisha bofya kitufe cha kulia cha kipanya na uchague kuifungua kwa Adobe Acrobat Reader. Programu hiyo hutolewa bila malipo kwa mashine za Windows na Macintosh. Mara nyingi hatua hii moja huumaliza ule ukurasa wa kusubiri. Hakikisha pia kwamba umeipakua programu yenyewe kutoka tovuti ya Adobe, si kutoka tovuti za kubahatisha.

Pili, iwapo huwezi kuipata programu hiyo, jaribu kivinjari cha Firefox. Tangu toleo la 93 lililotoka Oktoba 2021, kivinjari hicho kimekuwa na uwezo wa kuonyesha fomu za XFA. Kinafaa sana kwa kusoma na kujua fomu inauliza nini. Lakini ikiwa fomu ina kitufe cha kukagua majibu au kutengeneza msimbopau, ni salama zaidi kuikamilisha katika Reader, maana kila nukta ya kanuni zake ilijaribiwa huko.

Tatu, ukishajaza, ihifadhi faili, ifunge, kisha ifungue tena. Ikiwezekana, ifungue kwenye mashine nyingine. Majibu yakiwa yamo, itume. Yakiwa yametoweka, umejiokoa na aibu ya kutuma fomu tupu na kungoja jibu lisilokuja.

Nne, majedwali ya Excel yenye makro yana ugonjwa wake. Walipa ushuru wa Kenya wanaufahamu vyema, kwani marejesho mengi ambayo Mamlaka ya Mapato, KRA, imekuwa ikiyapokea kupitia iTax hujazwa katika majedwali ya namna hiyo. Makro ni maagizo yaliyofichwa ndani ya jedwali. Ndiyo yanayokagua majibu na kutengeneza faili ya kupakia. Makro zikizimwa, kitufe cha kukagua hakifanyi lolote. Tangu Julai 2022, Microsoft imekuwa ikizizuia makro za faili zilizotoka mtandaoni, kwa kuwa wahalifu huzitumia kueneza virusi. Kwa hivyo, mwenye faili halali hulazimika kwenda kwenye sifa za faili hiyo katika Windows na kuiondolea kizuizi kabla ya kuifungua. Fanya hivyo kwa faili uliyoipakua mwenyewe kutoka tovuti rasmi pekee. Faili ya makro iliyoletwa na barua pepe usiyoitarajia ni ya kufutwa.

Tano, mbinu zote zikishindwa, iandikie afisi husika mapema na uombe fomu kwa muundo mwingine. Barua pepe iliyotumwa kabla ya makataa, ikiambatanishwa na picha ya skrini inayoonyesha tatizo, ni ushahidi kwamba hukuzembea.

Njia za mkato zenye miiba

Wengi wakikwama hukimbilia njia za mkato ambazo huongeza maradhi badala ya kuyaponya. Njia iliyozoeleka ni kuichapisha fomu upya kuwa PDF nyingine. Kwa macho, matokeo hupendeza, kwani kila kitu kinaonekana. Lakini yaliyobaki ni umbo la maandishi tu. Nafasi za kujaza zimepotea pamoja na data iliyokuwa imepangwa chini yake. Mfumo wa mpokeaji uliotarajia kuyasoma majibu hayo hauoni kitu. Ombi likikataliwa, mtumaji hujiuliza kosa lake ni lipi, maana kila neno analiona liko mahali pake.

Kadhalika, sahihi ya kielektroniki hulinda faili kama ilivyokuwa wakati wa kutiwa. Faili ikichapishwa upya au kubadilishwa muundo baada ya hapo, sahihi hiyo hubaki picha isiyothibitisha chochote. Kwa hivyo mabadiliko yote ya muundo yatangulie, sahihi ije mwisho.

Hatari zaidi ni zile tovuti zinazojitolea kubadilisha faili bure. Fomu ya mkopo au ya bima ina jina la mtu, nambari ya kitambulisho, mshahara, na wakati mwingine historia ya ugonjwa. Kuipakia kwenye tovuti usiyoijua ni kumkabidhi mgeni siri za mteja. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu azilinde, na udhuru kwamba karani alikuwa na haraka hauwezi kumkinga mwajiri wake.

Kwa mwenye afisi: Pa kuanzia

Ikiwa mpokeaji fomu ana la kufanya, mtoaji ana zaidi, kwani yeye ndiye aliyeuchagua muundo.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Orodhesha fomu zote zinazotumiwa na afisi: ipi ni XFA, ipi ni InfoPath, ipi ni jedwali lenye makro, na ipi ni PDF ya kawaida. Kwa kila moja, andika nani huijaza, hupitia mikono mingapi na majibu yake huishia wapi. Afisi nyingi zitashangaa kugundua kuwa fomu kadhaa hazihitajiki tena, na kwamba nyingine huuliza maswali ambayo majibu yake hayasomwi na mtu.

Hatua ya pili ni kuziokoa data kabla ya kuigusa sura ya fomu. Fomu za XFA na InfoPath huhifadhi majibu kwa XML, ambao ni muundo wa maandishi unaosomeka na programu nyingi. Zitoeni data hizo, zihifadhiwe kwa XML au kwa majedwali sahili ya CSV, na zihakikishwe kwa kulinganisha fomu chache za zamani na kilichotolewa. Kazi hii ifanywe wakati programu ya zamani ingali hai. Ikishakufa, gharama ya kuzifukua huwa maradufu.

Hatua ya tatu ni kuchagua chombo kipya. Fomu zinazojazwa na umma zafaa kuwa kurasa za kawaida za wavuti, ambazo hufunguka kwenye kivinjari chochote, hata cha simu. Zile zinazopaswa kuchapishwa na kuwekwa mhuri, au kujazwa mahali pasipo mtandao, zaweza kuwa AcroForm. Nazo nakala za kuhifadhiwa kwa miaka mingi ziwekwe katika PDF/A, kiwango kilichotolewa mwaka wa 2005 mahususi kwa hifadhi ya muda mrefu, zikiandamana na data zake. Serikali ya Uingereza ilipopitisha viwango vya hati zake mnamo Julai 2014, ilifuata mantiki hiyo: hati za kusomwa ziwe HTML au PDF/A, na zile za kuhaririwa kwa pamoja ziwe katika muundo huria wa ODF.

Hatua ya nne ni kuijaribu fomu nje ya afisi. Meneja anayeijaribu kwenye tarakilishi yake mpya, iliyowekewa kila programu, hajajaribu kitu. Ijaribiwe kwenye simu ya bei nafuu, kwenye mashine ya zamani ya duka la intaneti, na kwa mtu ambaye hakushiriki kuitengeneza. Mahali atakapokwama yeye ndipo watakapokwama wateja mia moja.

Hatua ya tano imo katika mkataba. Kabla ya kununua mfumo wowote, muuzaji aulizwe kwa maandishi: tukiamua kuondoka, data zetu zitatoka katika muundo gani, kwa muda gani na kwa malipo gani? Ikiwa jibu ni refu na lenye kuzungukazunguka, hilo lenyewe ni jibu. Gharama ya mfumo si bei ya kuingia pekee. Bei ya kutoka nayo ihesabiwe.

Wapo watakaosema kuwa mageuzi haya ni ya mashirika makubwa yenye wataalamu. Ukweli ni kinyume. Shirika kubwa kama SARS liliweza kujitengenezea kivinjari lilipobanwa. Biashara ndogo yenye wafanyakazi wanane haina uwezo huo, na kwa sababu hiyo ndiyo inayohitaji zaidi miundo isiyomtegemea muuzaji mmoja. Isitoshe, biashara hiyo ina fomu kumi au kumi na tano tu. Kazi ya wiki chache leo yaweza kuiepusha na hasara kubwa kesho.

Aidha, mageuzi hayafai kufanywa kwa siku moja. Fomu ya zamani na mpya ziachwe zitumike sambamba kwa kipindi kilichotangazwa, huku wafanyakazi wakielekezwa. Anzeni na ile yenye malalamiko mengi. Wateja wakiona nafuu, waliokuwa na shaka afisini wataelewa bila ya kuhubiriwa.

Mlango na ufunguo

Tumrejelee msichana wetu katika duka la intaneti. Mhudumu aliyekuwa akifunga madirisha alimkaribia, akaitazama skrini, akatikisa kichwa kwa kuwa alikwisha kuona kisa hicho mara nyingi. Aliihifadhi faili, akaifungua kwa programu iliyofaa, na fomu ikajitokeza kurasa zake zote. Haikuchukua dakika tatu. Saa nzima ya wasiwasi ilikuwa imetokana na kukosa sentensi moja ya maelezo.

Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na afisi iliyoitoa fomu, pembeni mwa kiungo cha kupakulia, kwa lugha ambayo mwombaji anaielewa: fomu hii haifunguki kwenye simu, ihifadhi kwanza, kisha uifungue kwa programu fulani. Hiyo ndiyo hatua nafuu kuliko zote, na haihitaji bajeti wala mtaalamu. Afisi inayojiandaa kuzibadilisha fomu zake yaweza kuanza nayo leo hii.

Lakini isiishie hapo. Maelezo mazuri kuhusu mlango mgumu hayaufanyi mlango kuwa mwepesi. Siku itakayofuata, msichana mwingine atafika saa ambayo mhudumu yule mwenye maarifa amekwisha kwenda nyumbani, na makataa hayatamsubiri.